Maikromita Yenye Namba 417

"Wacha mkono yangu."

"Siachi. Sema kwanza umeitoa wapi."

"Nimeokota."

"Umeokota! Kitu iko na mafuta, imefungwa kwa kitambaa safi, iko ndani ya sanduku yake, na wewe umeokota. Uliokota na sanduku?"

"Maji ya mto Nyamwamba ilibeba vitu ya watu, hata wewe unajua. Wengine waliokota masufuria, wengine magodoro. Mimi niliokota hii."

"Mafuriko ilikuwa mwaka jana. Chuma ikae kwa matope mwaka mzima na isishike kutu? Bright, nitazame kwa macho. Mimi nakula kwa chuma. Unadanganya nani?"

"Nyinyi babili!" Mwenye meza akagonga kufuli juu ya mbao. "Miye sitaki kelele kwa biashara yangu. Kama munataka kupigana, daraja iko pale, muvuke, muende mupigane Kongo. Kule hakuna mutu atawauliza."

Watu wa soko la Bwera wakacheka. Nuwa hakucheka. Alikuwa amemshika Bright kifundo cha mkono kama mtu aliyeshika kuku wa sikukuu, na mkono wa pili umekumbatia kisanduku cha mbao. Lakini alijua vizuri kwamba huyu aliyemshika si mwizi wa kawaida ambaye unaweza kumpiga kofi uende zako. Bright alikuwa kaka ya Lanyero. Na Lanyero ndiye msichana ambaye Nuwa alikuwa anataka kuoa. Mshenga alikuwa tayari, mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba ya mama yake huko Kyondo, na Jumamosi ile ile watu walikuwa waende kwa baba ya Lanyero, Mzee Omara, kusema neno. Sasa utaingiaje kwa nyumba ya mtu kuomba binti, na huku kwako rafu imejaa vitu vya huyo mzee vilivyoibiwa?

Hilo ndilo lilikuwa limemkosesha Nuwa usingizi.

Nuwa aliacha shule kabla ndevu hazijatoka. Walimu walimchosha na yeye aliwachosha. Alijifunza chuma kwa kuangalia mikono ya wengine, halafu familia moja ya Kenya iliyokuwa inafanya kazi ya simenti ikarudi kwao na kuacha leti kuukuu, mashine ya kukereza chuma. Nuwa akaibeba mpaka Kasese, akaisimamisha kwa kibanda nyuma ya chumba chake cha kupanga. Kukereza alijua. Kupima ndiyo ilikuwa shida. Alikuwa anapima na rula ya shule na jicho, na watu wanarudisha bushi zao, zile pete za chuma za ndani ya mashine: hii inabana, hii inacheza, wewe kijana unatengenezea ng'ombe kengele? Ndipo akaelewa kwamba leti bila kipimo ni kelele tu.

Akaanza kukusanya. Kwanza venia, kipimo cha taya mbili za kuteleza. Halafu maikromita ndogo, ile ya kuzungusha inayopima mpaka unene wa karatasi. Halafu ile saa ya kupimia yenye mshale unaocheza ukigusa tu chuma kilichopinda. Halafu maikromita kubwa kidogo, skwea ya kupimia pembe, na yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi ambayo hata unywele ni mnene kwake. Kila kitu alikifunga kwa kitambaa cha gomesi, gauni la zamani la mama yake, na kukilaza kwa rafu. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Jumapili wenzake wakienda kutazama mpira, Nuwa anafungua vitambaa kimoja kimoja, anapaka mafuta, anafunga maikromita polepole mpaka inalia tik-tik-tik, anaangalia kama sifuri bado iko sifuri. Jirani wake alikuwa anasema, "Huyu siku moja ataoa hiyo maikromita, atuite kwa karamu."

Vyote alivinunua kwa Teopista, huyu mama wa Bwera mwenye kufuli. Na kila kitu Teopista alikuwa na hadithi yake. Venia ilitoka Butembo, kwa fundi mumoja wa saa. Maikromita ilitoka Beni, kwa misheni, padri muzungu aliiacha. Saa ya kupimia ilitoka mbali kabisa, mutu aliileta na mtumbwi. Nuwa alikuwa anapenda hizo hadithi. Alikuwa anaona kama dunia nzima inamtumia vitu.

Mpaka siku alipoona namba.

Ilikuwa imekwaruzwa kwa mkono, nyuma ya maikromita, ndogo, mahali ambapo kidole kinaficha: 417. Nne yenye kichwa wazi, saba yenye mstari katikati, kama wazee wanavyoandika. Akaangalia venia: 417. Akaangalia ile saa ya kupimia: 417. Sasa fundi wa saa wa Butembo na padri wa Beni na mtu wa mtumbwi, wote watatu wameandika namba moja kwa mkono mmoja?

Mtu akishaanza kushuku, hata kivuli chake anakiuliza kinaenda wapi. Nuwa alizunguka na ile namba kichwani wiki baada ya wiki. Halafu Jumapili moja akaenda kumsalimia Mzee Omara, kama kijana mwenye nia anavyofanya. Mzee alikuwa mtu wa kaskazini, aliletwa na kazi ya mgodi wa shaba akiwa kijana, na mgodi ulipofungwa hakurudi kwao. Alibaki kwa nyumba zile zile za wafanyakazi, akazaa, akamzika mke wake hapo. Nuwa ni Mukonzo, mzee ni wa kule, kwa hiyo wakiongea ni Kiswahili, tena Kiswahili cha mzee kilikuwa cha mgodi: simama, shika, vuta, toa. Walipokuwa wameketi nje, Nuwa akainua macho. Kwa msumari wa mlango kulikuwa na kipande cha shaba cha mviringo, kile ambacho kila mtu wa mgodi alipewa cha kuonyesha akiingia chini. Kimechakaa, lakini kinasomeka.

417.

Nuwa akaweka kikombe chini. Chai ikamshinda.

Akamuuliza Lanyero, si mzee. Lanyero alikuwa anakunja nguo. Hakugeuka.

"Namba ni namba," alisema. "Umenunua kwa soko, umelipa. Tumia."

"Lakini ni ya baba yako."

"Nuwa, wacha mambo ya namba. Nakuomba. Kuna vitu mingi ya kuuliza duniani."

Hapo ndipo alipoharibu. Kama angesema "sijui," Nuwa labda angelala. Lakini "nakuomba"? Lanyero haombi mtu. Lanyero ni msichana ambaye akitaka kiti anachukua. Kwa hiyo anajua. Na kama anajua, anamficha nani? Si baba, baba ndiye ameibiwa. Anamficha kaka yake, huyo Bright wa bodaboda, ambaye kila siku ya soko yuko Bwera na hakuna anayejua anabeba nini.

Nuwa akatega. Alimwambia Teopista: "Mama, natafuta ile ya kupimia ndani ya shimo. Iko na vijiti vya kuunganisha. Ukiipata Kongo, niletee." Kitu kama hicho Kasese nzima hakipo, labda kwa sanduku la fundi mmoja wa zamani. Teopista akasema, "Nitatafuta, batu yangu beko Beni." Na siku ya soko iliyofuata Nuwa akajificha nyuma ya marundo ya viatu vya mitumba, na saa ile ile Bright akafika na pikipiki, akatoa kitambaa chini ya koti. Ndipo Nuwa akaruka.

"Basi sawa," Bright akasema sasa, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Si kuokota. Wacha mkono kwanza, watu wanatazama."

"Wacha watazame."

"Ni mzee mwenyewe ananituma."

Nuwa akacheka kicheko kibaya. "Mzee Omara anauza maikromita yake?"

"Anauza."

"Na kesho anaenda kazi?"

"Anaenda."

"Bright, mwalimu anauza chaki yake na bado anafundisha? Wewe unaniona mimi mjinga."

"Mama Teopista, mwambie!"

Teopista akainua mikono. "Miye? Miye ninaletewa, ninauzisha. Ile hadithi ya padri muliipenda sana, nikawapa padri. Bon, sasa mutoke mbele ya meza, wateja beko."

Nuwa akafungua kisanduku. Namba ilikuwa pale. Akatoa simu.

"Unapigia nani?" Bright akauliza.

"Tumwine."

Bright akaifunika simu kwa kiganja. "Hapana. Nuwa, hapana. Piga polisi kama unataka. Usiite Tumwine."

Sasa, Tumwine alikuwa mwenye karakana kubwa ya Kasese, ile inayotengeneza spea za mashine za kahawa na za kusaga. Mzee Omara ndiye alikuwa fundi wake wa mwisho. Vijana wanakereza, lakini hakuna kitu kinatoka mlangoni mpaka Omara akipime na aseme "Pita." Ilikuwa mchezo wa mji: ukiona msichana mzuri unasema, huyo hata Omara atasema pita. Nuwa alimtaka Tumwine kwa sababu rahisi. Tumwine anavijua vipimo vya mzee. Akisema hivi ni vya Omara, hakuna mtu kesho atasema Nuwa ndiye mwizi. Alitaka shahidi. Basi.

Lakini kwa nini Bright anaogopa Tumwine kuliko polisi? Nuwa akajijibu mwenyewe haraka: kwa sababu ameiba na za karakana. Akapiga simu.

Walirudi Kasese kwa pikipiki ya Bright, mshukiwa mbele, mshtaki nyuma, na mkoba wa vipimo katikati yao kama mtoto wanayemgombania. Nuwa alikuwa amebeba vyote toka asubuhi, maana alijipanga. Walipofika Kikorongo, pale njia ya Katwe inapochepuka, Bright akasimamisha.

"Nimechoka na upepo," akasema, lakini hakushuka. "Sikiliza, kaka. Jumamosi unakuja kwetu. Sisi tutakuwa ndugu. Nikikuapia kwa kaburi ya mama yangu kwamba sikuiba, utarudi?"

"Utaniambia kwa nini anauza?"

Bright akageukia barabara. Lori la chumvi likapita, vumbi likawafunika wote wawili.

"Hiyo siwezi."

"Basi washa pikipiki."

Wakafika kwa Mzee Omara. Pikapu ya Tumwine ilikuwa tayari uani, na Tumwine mwenyewe ameegemea mlango wake, mtu mnene mwenye kofia, anajifuta jasho. Hakuwa na furaha, na haikuwa kwa sababu ya Nuwa.

"Wewe kijana, sema upesi," akasema. "Mimi natoka Kyondo kurudishiwa shafti ya mashine ya kahawa. Beringi inacheza ndani yake kama jino la bibi. Nimemfukuza tana wangu, yule wa kukereza, Abdunoor, kwa sababu ya mambo haya, na bado zinarudi. Sasa ukiniambia watu wanaiba vipimo, naanza kuelewa. Labda wananibadilishia."

"Ndiyo hiyo afande," Nuwa akasema, ingawa Tumwine hajawahi kuwa askari. "Leo utajua yote."

Mzee Omara alikuwa ameketi kwa kiti chake chini ya ukuta, mikono kwa magoti. Mrefu, mkavu, kichwa cheupe. Aliposikia sauti aligeuza uso, akangoja mpaka kila mtu ameongea ndipo akasalimia kila mmoja kwa jina. Lanyero alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimwona Nuwa, akamwona Tumwine, akasimama pale pale.

Nuwa hakusubiri chai. Akavuta meza ndogo, akafungua vitambaa vya gomesi, akapanga: venia, skwea, saa, maikromita mbili, majani, na hii ya ndani ya shimo. Jua likaviwasha. Hata Tumwine alipiga mluzi.

"Mzee," Nuwa akasema, "samahani kuja bila mshenga. Mkwe haji kwa miguu yake mwenyewe, hiyo najua. Lakini siwezi kukuletea mbuzi na mkono mmoja, na mkono mwingine umeshika mali yako. Hizi zote ziko na namba yako. Nimenunua Bwera. Leo nimeona mwenye kuzipeleka. Ni Bright."

"Sema wewe," Tumwine akamwambia mzee. "Ni zako?"

Mzee hakuzitazama. Alinyoosha mkono, akagusa meza, vidole vikatembea mpaka vikapata venia, vikaitambua, vikaiacha.

"Zangu. Zilikuwa zangu."

"Umesikia?" Nuwa akamgeukia Bright.

"Wewe simama," mzee akasema. "Nyamaza. Nimeuza mimi. Bright ni punda tu. Nimempa, amebeba."

"Mzee, usimfiche."

"Nasema nimeuza. Tena nilijua nani ananunua. Kila siku ya soko nauliza Bright, amechukua? Anasema amechukua. Nikasikia vizuri. Kwetu baba hawezi kumpa mwanaume vitu kabla hajaleta kitu. Watu watasema Omara anamlipa mtu achukue binti yake. Lakini sokoni ni sokoni. Nilitaka ziende kwa mtu atazipaka mafuta."

Bright alikuwa anatazama chini. Na kwa dakika hiyo Nuwa aliamini. Aliona kila Jumapili yake kibandani, na mzee huku amekaa anauliza, amechukua? Kama angekuwa mtu mwingine, angepiga goti, angesema asante baba, na siku ingeishia hapo. Tumwine angekunywa chai aende zake.

Lakini ulimi wa Nuwa ulikuwa na mazoea yake. Jambo likimfikia limenyooka sana, lazima aliguse aone kama limepinda.

"Sawa mzee," akasema. "Lakini kitu kimoja kinanisumbua. Wewe bado ni fundi. Kila siku unasema pita, unasema rudi. Kama vipimo vyako vyote viko kwangu, kule kazini unapimia nini?"

Aliuliza tu. Lakini aliona Tumwine ametoa kofia.

"Ndiyo," Tumwine akasema polepole. "Hiyo ni swali."

"Iko maikromita ya karakana," mzee akasema.

"Ile niliiweka kwa kabati tangu Pasaka. Ulisema unapenda yako. Kila siku unakuja na mfuko wako." Tumwine alikuwa tayari anaenda kwa pikapu. Alirudi na shafti, fupi, inang'aa, aliyorudishiwa Kyondo. Akaiweka mezani katikati ya vipimo. Akachukua maikromita kubwa. "Mzee, nipimie hii. Mimi siamini tena mtu, wala tana, wala beringi. Pima nisikie."

Mzee hakushika.

"Leo si siku ya kazi," akasema.

"Ni kidogo tu, ssebo. Shafti moja."

"Nuwa."

Lanyero ndiye aliyeita. Alikuwa amesogea, mwiko bado mkononi, ugali umekaukia kwake. Hakupandisha sauti. "Nuwa, sema umeridhika. Mwambie bosi umekosea, mumalize. Wewe ndiye umemleta. Akusikilize wewe."

Nuwa akamtazama. Uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu anayeangalia mtoto akikimbilia barabara. Angeweza kusema. Neno lilikuwa hapo mdomoni, dogo, lisilo na gharama. Lakini kichwa chake kiliuliza: anaogopa nini? Namba aliniomba niache. Sasa shafti ananiomba niache. Watu watatu wa nyumba moja, wote wanajua kitu, na mimi peke yangu nje kama mbwa. Jumamosi nitaoa nini hapa, msichana au siri?

Akachukua maikromita mkononi mwa Tumwine, akaiweka ndani ya kiganja cha mzee. Akamfungia vidole.

"Pima baba. Upime tu tumalize."

Mzee akakaa na ile chuma mkononi. Halafu akapima. Na tuseme ukweli, alipima vizuri kuliko mtu yeyote. Aliipata shafti kwa kidole, akaweka midomo ya maikromita mahali pake bila kutafuta, akazungusha, tik, tik, akaacha panapotakiwa kuacha. Akapitisha ukucha juu ya mistari, taratibu, kama mtu anayesoma jina kwenye jiwe gizani. Kidole gumba kikazunguka mduara wa namba.

"Thelathini kamili," akasema. "Pita."

Tumwine akainama, akaikaribia ile maikromita mpaka pua ikagusa. Nuwa pia akainama. Wote wawili waliona.

Maikromita ni kitu cha ujanja. Ukiizungusha mzunguko mmoja mzima, namba zinarudi pale pale zilipokuwa, sifuri inakaa kwa sifuri, na kumbe umeshuka nusu milimita. Kinachokuambia tofauti ni kamstari kamoja kembamba upande wa chini, ambacho ukucha haukipati. Hicho kinataka jicho. Shafti ilikuwa ishirini na tisa na nusu.

"Nusu," Tumwine akasema. Akarudia, kama anajiambia mwenyewe. "Nusu milimita. Kila moja inarudi na nusu milimita." Akasogeza mkono mbele ya uso wa mzee, kushoto, kulia. Macho ya mzee hayakufuata. "Mzee. Tangu lini?"

"Mistari mikubwa bado naona," mzee akasema. "Kama jua iko nyuma yangu."

"Nimemfukuza Abdunoor."

"Najua."

"Ana watoto, Omara!"

"Najua. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Sikuipata."

Bright aliketi chini kwenye udongo, akafunika uso. Kwa hiyo ndiyo hii aliyoshindwa kuisema Kikorongo, Nuwa akafikiri. Ndiyo maana Bwera, si Kasese, maana Kasese kila mtu angeuliza kwa nini Omara anauza macho yake. Anakwenda kazini na mfuko mtupu, anatomasa chuma na vidole, anasema pita, na watu wanaamini kwa sababu ni Omara. Vitu vyote vilikaa mahali pake sasa. Nuwa alikuwa amepata ukweli wake, umenyooka, hauna kutu. Hakujua pa kuuweka.

Tumwine akachukua shafti yake. Hakutukana, na ingekuwa afadhali atukane. "Mzee, kesho pumzika," akasema. "Na kesho kutwa. Nitatuma mtu akuletee nguo zako za kazi. Mimi niende kumtafuta huyu kijana nimwombe radhi." Pikapu ikakohoa, ikatoka uani.

Mzee Omara alibaki na maikromita mkononi. Alikuwa anaifungua na kuifunga, tik-tik-tik, bila kupima kitu.

Lanyero akaweka mwiko juu ya dirisha. Akaja mezani, akaanza kufunga vipimo. Alifunga kimoja kimoja, venia kwa kitambaa chake, skwea kwa kitambaa chake, hakukosea hata kimoja, ingawa aliviona vikifunguliwa mara moja tu. Akamwendea baba yake, akamfungua vidole taratibu, akachukua na ile. Akaweka vyote kwa mkoba, akamsukumia Nuwa kifuani.

"Beba."

"Lanyero, hizi ni za mzee. Nimeleta nizirudishe."

"Umelipa sokoni. Ni zako. Sisi hatununui."

"Mimi nilitaka kujua tu. Ningekuja Jumamosi namna gani, na sijui?"

"Sasa umejua."

"Na wewe ulijua!" Hapo sauti yake ikapanda, hakuizuia. "Ulijua siku zote, ukanitazama, ukakunja nguo. Ungeniambia mimi peke yangu. Kwa nini hukuniambia?"

Lanyero akamtazama kwa muda, toka viatu mpaka kichwa, kama mtu anayeangalia kitu alichokuwa karibu kukinunua.

"Nilikuwa nakungoja uwe mtu wa kuambiwa," akasema. "Mwambie mshenga asisumbuke kupanda gari. Mbuzi za mama yako ziachiwe zikale majani."

"Lanyero."

"Baba, ingia ndani, jua limekuwa kali."

Akamshika mzee mkono, mbele ya macho ya majirani wote waliokuwa wameshasimama kwa seng'enge, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. Mzee akainuka. Nuwa aliita tena, mara moja, na mkoba ukalia chuma kwa chuma kifuani pake. Lanyero aligeuka, akamwelekeza baba yake kwa kiwiko kukwepa jiwe la mlangoni, na wakaenda.